Mzazi Akitokwa na Damu, Nani Atamchangia?

Akina mama wengi tunaosoma ukurasa huu tumekwisha kupita katika chumba cha kuzalia, na tunajua jinsi mambo yanavyoweza kubadilika ghafla. Mtoto amezaliwa salama, amelia, ndugu wamefurahi. Kisha mzazi anaanza kutokwa na damu isiyokoma. Wataalamu wa afya wanaeleza kwamba hata mwanamke mwenye afya njema, akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, anaweza kupoteza maisha katika muda wa saa mbili tu. Ndipo muuguzi anapotoka mlangoni na kuuliza: "Ndugu, nani kati yenu atamtolea mgonjwa damu?"

Hapo huonekana vituko. Shemeji mmoja anakumbuka kwamba hajala tangu asubuhi. Mwingine anakwenda kununua vocha ya simu na harudi tena. Mjomba, pande la mtu, anasema ana presha. Si kwamba hawampendi mgonjwa. Wanaogopa, na hofu yao haikuanza leo.

Hofu hizi zimetoka wapi?

Bibi zetu walilelewa na habari za mumiani. Wakati wa ukoloni, hasa tangu miaka ya 1920, uvumi ulienea Kenya, Uganda na Tanganyika kwamba wako watu wanaokamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu ili itengenezewe dawa. Huko Nairobi waliosingiziwa walikuwa wazimamoto, maskini, watu walioajiriwa kuzima moto! Mwanahistoria wa Kimarekani, Luise White, aliyachunguza masimulizi hayo na kuyaandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 2000. Tusicheke sana. Mtu aliyetishwa kwa jina la mumiani tangu utotoni, ukimwonyesha sindano nene na mfuko unaojaa damu, usishangae akitafuta mlango.

Hofu nyingine ni ya vipimo. Damu inayotolewa hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Wako wanaokataa kuchangia kwa sababu hawataki kujua hali zao. Wako pia wanaokuja kuchangia kwa ajili hiyo tu, wapate kupimwa bila kuonekana wakiingia katika chumba cha ushauri nasaha. Hao wanatia wasiwasi zaidi, maana katika siku za mwanzo baada ya kuambukizwa kipimo kinaweza kisionyeshe kitu. Anayetaka kujua hali yake aende moja kwa moja akapimwe. Huduma hiyo ipo.

Na iko manung'uniko ambayo hayafai kupuuzwa: "Sisi tunatoa bure, wao wanauza." Familia moja ninayoifahamu ilipeleka watu wawili wakachangia katika hospitali fulani, kisha mtumishi mmoja akawadai fedha kabla mgonjwa wao hajaongezewa damu. Habari ya namna hiyo huzunguka mtaa mzima kwa jioni moja, na hakuna tangazo la redio litakaloifuta. Wakuu wa hospitali wanaolalamika kwamba wananchi hawajitokezi wangeanza kwa kuwatazama watumishi wa aina hiyo.

Damu ya ndugu huchelewa

Hebu tuseme mjomba amepata ujasiri. Bado atapimwa uzito, ataulizwa maswali kuhusu afya yake, na wingi wa damu yake utaangaliwa. Baada ya kutolewa, damu hiyo itapaswa kupimwa magonjwa, kazi inayochukua saa kadhaa. Mzazi wetu ana saa mbili. Kwa hiyo damu itakayomwokoa ni ile iliyokwisha kupimwa na kuwekwa katika jokofu, iliyotolewa siku au wiki zilizopita na mtu asiyemjua kabisa. Upendo wa ndugu ndio unaowasukuma watu wengi kuchangia, lakini kwa mgonjwa wa namna hii unafika umechelewa.

Ndiyo sababu Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Damu Salama mwaka 2004, ili watu wachangie kwa hiari kabla ya shida. Wenzetu wa Kenya walifundishwa na msiba. Siku ya tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalipolipuka katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, wakazi wa Nairobi walipanga foleni kutoa damu kwa ajili ya watu wasiowafahamu. Lakini foleni ya siku ya msiba haidumu, na chembe nyekundu za damu hukaa katika jokofu kwa siku 35 hadi 42 tu. Baada ya msiba ule Kenya ilijenga huduma ya damu ya taifa.

Katika nchi zote mbili, wachangiaji wakubwa wamekuwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule zikifungwa, majokofu hubaki matupu, kama ilivyotokea mwaka 2020 wakati wa korona. Uchungu wa kuzaa haungoji shule zifunguliwe, wala malaria inayowamaliza damu watoto wetu wadogo.

Je, tuwalipe?

Wengine husema, walipwe tu, watajaa. Mwaka 1970 mtaalamu wa Uingereza, Richard Titmuss, aliandika kwamba kununua damu kunaharibu moyo wa kutoa, na tena anayeuza damu kwa ajili ya njaa atayaficha magonjwa yake. Mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani lilizihimiza nchi zitegemee wachangiaji wa hiari wasiolipwa. Baadaye, huko Sweden, watafiti wawili waliwajaribu watu kwa kuwaahidi malipo madogo, krona 50, iwapo watakubali kuwa wachangiaji. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Kati ya wanawake, waliokubali bila malipo walikuwa asilimia 52; walipoahidiwa fedha wakashuka hadi 30. Walipoambiwa kwamba wanaweza kuzitoa fedha hizo kwa hisani, wakapanda tena hadi 53. Wanaume hawakuonyesha tofauti kubwa.

Hata hivyo, uchunguzi mwingine umeonyesha kwamba zawadi ndogo, kama fulana, huweza kuongeza wachangiaji. Basi tusiidharau ile soda na biskuti.

Mama ndiye mwenye usemi

Duniani kote wanawake hutoa takriban theluthi moja tu ya damu inayochangiwa. Sababu twazijua: mimba, kunyonyesha, hedhi. Mwenye mimba au anayenyonyesha hachangii. Wengine wetu tunaweza. Tanzania humtaka mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, na wingi wa damu yake uwe wa kutosha; mwanamume huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Kinachotolewa ni kama nusu lita katika lita nne na nusu au tano tulizo nazo. Sehemu ya majimaji hurudi katika siku moja au mbili, chembe nyekundu katika wiki kadhaa.

Lakini hata mama asiyeweza kuchangia, neno lake nyumbani ni zito. Kijana wa chuo anarudi jioni na plasta mkononi. Mama akipiga kelele, "Mwanangu, wamekunyonya! Nani amekutuma?" huyo hatarudi tena. Mara ya kwanza ikiwa mbaya, kwa kizunguzungu au kwa maneno makali ya mtumishi au ya mzazi, wengi huishia hapo.

Kabla hajakwenda, mpe chakula na vikombe viwili vya maji, vitapunguza kizunguzungu. Akirudi, asibebe ndoo wala gunia siku hiyo. Mpikie maharage, dagaa, mchicha, na maini yakipatikana, umwekee chungwa pembeni. Chai ingoje kama saa moja baada ya chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Na miezi mitatu ikitimia, mkumbushe.