Kabla ya Kujenga, Tukae Tuzungumze

Ukitaka kujenga nyumba unamwita fundi. Lakini yuko mtu mwingine anayefikiri kabla fundi hajachimba msingi. Huyo ni msanifu majengo. Yeye huchora ramani ya nyumba. Wengi wetu tunadhani kazi yake ni maghorofa ya mjini tu. Kumbe sivyo. Tutazame habari za msanifu mmoja.

Jina lake ni Francis Kéré. Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso. Kijijini hapakuwa na shule. Alipofika miaka saba alipelekwa mbali kusoma. Darasa lake lilikuwa na giza na joto kali. Hakulisahau. Baadaye alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, halafu akasomea usanifu majengo mjini Berlin. Akiwa bado mwanafunzi, alichangisha fedha za kujenga shule kijijini kwao.

Basi akawaeleza wenzake wa Gando kwamba shule itajengwa kwa udongo. Hawakufurahi. Walijua nyumba ya udongo hubomoka kwa mvua. Tena walitazamia kwamba mtu aliyesoma Ulaya ataleta mambo ya Ulaya. Kéré hakugombana nao. Alizungumza nao. Ndipo wakaamini.

Udongo ulichanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kuwa matofali. Paa la bati liliinuliwa juu ya dari, ikaachwa nafasi katikati. Hewa ya moto hupanda na kutoka nje, na joto la bati haliwafikii watoto. Pia bati limetokeza sana nje, kwa hiyo mvua haipigi kuta. Watoto walibeba mawe ya msingi. Akina mama walileta maji na kuponda sakafu. Shule ilikamilika mwaka 2001. Wanafunzi waliongezeka kutoka 120 hadi 700.

Mwaka 2005 Kéré alifungua ofisi yake Berlin. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani. Ni Mwafrika wa kwanza kuipata.

Sisi tunajifunza nini? Mara nyingi mwenye nyumba na fundi hugombana kwa sababu hawakuelewana mapema. Fundi ameweka dirisha dogo, mwenyewe alitaka kubwa. Jiko limewekwa upande wa upepo, moshi wote unaingia ndani. Mama anayepika hakuulizwa! Kuvunja ukuta ni hasara. Kufuta mstari mchangani hakugharimu hata senti.

Kwa hiyo, chukua kijiti, uchore nyumba yako chini. Waite wote watakaokaa humo, na fundi awepo. Ulizaneni: Jua la mchana linapiga wapi? Upepo unatoka wapi? Maji ya mvua yanapita wapi? Mkishakubaliana, pimeni.

Tena tusione haya kwa nyumba ya udongo. Ila tukumbuke kwamba inataka msingi imara wa mawe na paa lililotokeza vizuri.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Kwa nini watu wa Gando hawakuutaka udongo?
2. Darasa la shule yenu lina joto? Mngeweza kufanya nini?
3. Nyumba yako ilipojengwa, nani hakuulizwa?