Je, wajua kuna mchanga unaohama? Na je, wajua namna ya kuupiga picha upepo ukivuma?

Msafiri wa Musoma anayekwenda Arusha kwa kukatiza Serengeti anaweza kupitia Bunda na kuingia hifadhini kwa lango la Ndabaka, au kupitia Butiama na kuelekea lango la Ikoma. Kwa vyovyote atafika Seronera, kisha Naabi, na hapo miti huanza kuadimika. Unyevu wa Ziwa Victoria umebaki nyuma, na mbele milima ya Ngorongoro imekinga mvua inayotoka Bahari ya Hindi. Wakati wa kiangazi nyanda hizi huwa nusu jangwa: nyasi fupi zilizokauka, jua la utosi, vumbi na upepo usiochoka. Ukiiacha barabara kuu na kufika upande wa kaskazini wa Korongo la Olduvai, utakikuta kilima cheusi kimesimama peke yake kwenye uwanda. Huo ndio Mchanga Unaohama.

Kwa hakika si mchanga wa kawaida. Ni majivu ya volkano kutoka Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu. Kilima hiki kina kimo cha takriban mita 9, na upinde wake una urefu wa kama mita 100. Umbo lake ni la mwezi mwandamo, pembe zake zikielekea kule upepo unakokwenda. Kila mwaka husogea wastani wa mita 17 kuelekea magharibi. Kwa mwendo huo, tangu Mwalimu Julius Nyerere azaliwe Butiama mwaka 1922, kingekuwa kimeshapita kilometa moja na nusu. Alama zenye miaka zilizosimikwa nyuma yake zinaonyesha kilipokuwa zamani.

Kinatembeaje? Upepo wa mashariki huzisukuma punje juu ya mteremko mpole wa mgongoni. Punje hazipai mbali. Hurukaruka chini chini, kila inayotua ikizirusha nyingine. Zikifika kileleni huporomoka upande wa pili, ambao ni mkali kiasi cha nyuzi 34 hivi. Hivyo mgongo unaliwa, uso unaongezeka, na kilima kizima kinasonga mbele bila kupoteza umbo. Ralph Bagnold, mhandisi wa jeshi la Uingereza aliyechunguza majangwa ya Misri na Libya, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1941 kwa nini mchanga hautawanyiki. Punje ikitua kwenye ardhi ngumu hudunda na kuendelea na safari. Ikitua juu ya mchanga mwenzake huishiwa nguvu na kubaki. Mchanga huuita mchanga.

Majivu haya yana jambo jingine: yamejaa madini ya chuma yanayovutwa na sumaku. Sogeza sumaku ndogo juu yake, utaona punje zinasimama na kushikana kama manyoya. Mpiga picha asilipuuze hilo, kwa sababu ndani ya spika ya simu mna sumaku, na ndani ya mitambo midogo inayosogeza lenzi mna sumaku pia. Simu ikilazwa juu ya kilima hiki, hata kwa muda mfupi, punje nyeusi hunasa kwenye matundu ya spika, na kupuliza tu hakuziondoi zote.

Kwa hiyo, kanuni ya kwanza ni kuishika kamera au simu juu, mbali na mchanga. Punje nyingi zinazoruka hubaki chini ya kiuno cha mtu mzima. Aliyesimama wima na kamera usoni yuko salama kuliko aliyelala kifudifudi. Begi libaki ndani ya gari. Lenzi ichaguliwe kabla ya kushuka na isibadilishwe upepo unapovuma. Kioo kikipata vumbi, usikipanguse kwa shati, maana punje moja ya volkano inatosha kukikwaruza. Kwanza puliza kwa kipulizio cha mpira, kisha tumia brashi laini, na kitambaa kije mwisho.

Kanuni ya pili ni mwanga. Kamera hukadiria kwamba kilicho mbele yake kina weusi na weupe wa wastani. Kilima cheusi kikijaza picha, kamera huongeza mwanga, na weusi hugeuka kijivu kilichopauka. Kwenye simu, gusa sehemu ya mchanga kwenye kioo, kisha punguza mwanga mpaka weusi urudi. Saa sita mchana mikunjo ya mchanga haionekani, kwa kuwa haina vivuli. Saa moja asubuhi au saa kumi na mbili jioni jua hupiga ubavuni, na kila mkunjo hujitokeza.

Kanuni ya tatu ni ya wale wasiouogopa upepo. Ukifungua kamera kwa sehemu 1 ya 1000 ya sekunde, punje zinazovuka kilele huonekana mojamoja. Ukifungua kwa sehemu 1 ya 15, huwa michirizi, na picha inaonyesha mwendo wenyewe. Siku tulivu utapata picha ya lundo jeusi; siku ya upepo utapata picha ya kilima kinachosafiri. Kwa maoni yangu, hiyo ya pili ndiyo picha ya kweli ya mahali hapa.

Ukifika, usikipande wala kukikanyaga kwa gari, na usichukue hata konzi moja ya majivu, kwani Wamaasai wanakiheshimu kilima hiki, na umbo lake ndilo linalokiwezesha kutembea. Piga picha yenye alama ya mwaka iliyo karibu, andika tarehe, na uitunze. Akija mwingine baada ya miaka kumi akasimama palepale, picha zenu mbili zitaonyesha kilikotoka na kilikofika.