Kuchekecha si Kuhukumu: Maneno ya Hospitali Yanayomkimbiza Mgonjwa

Mgonjwa mwenye kikohozi cha wiki 3 anatoka chumba cha daktari akiwa na karatasi ya maabara mkononi. Juu yake pameandikwa kwa kifupi: "R/O TB". Herufi za mwanzo hazijui. Za mwisho anazijua vyema. Kabla hajafika maabara amekwisha kujihukumu kuwa ana kifua kikuu. Anaikunja karatasi, anarudi nyumbani, anatenga kikombe na sahani yake, na makohozi yake hayapimwi kamwe. Kumbe daktari aliandika "rule out": ugonjwa huu uchunguzwe ili, kama haupo, uondolewe katika orodha ya yanayodhaniwa.

Kiingereza cha hospitali kina vitenzi vingi vya kupunguza na kuondoa yasiyotakiwa. Kila kimoja kina kazi yake, na vinapochanganywa anayeumia ni mgonjwa.

Kuondoa katika orodha

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Homa yaweza kuwa ya malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo au maradhi mengine. Daktari huorodhesha yanayowezekana, kisha kila kipimo humsaidia kufuta au kubakisha. Tangu mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe.

Hata hivyo, mgonjwa anayeambiwa "hatukuona kitu" huona amepoteza muda na fedha, akaenda dukani kununua dawa za malaria. Kipimo hakikuwa cha bure: kimefunga mlango mmoja ili mingine itazamwe. Mhudumu hana budi kutaja kilichoondolewa na kilichobaki. Aeleze pia kwamba kuondoa kuna wakati wake. Kipimo cha virusi vya UKIMWI kinachofanywa mapema mno baada ya maambukizi chaweza kutoa jibu hasi, ndiyo maana baadhi ya watu huombwa kurudi kupimwa.

Kuchekecha

Kitenzi "screen" ni tofauti. Kwa Kiingereza, neno hilo hutaja pia chekeche la kutenganisha kokoto au makaa ya mawe. Uchunguzi wa namna hii hufanywa kwa watu wasio na dalili, ili kuwapata wachache wanaohitaji kutazamwa kwa makini zaidi.

Chukua mfano wa watu 1,000, ambao 10 kati yao wana ugonjwa fulani. Kipimo kinawanasa wagonjwa 9 kati ya hao 10, na kinakosea kwa mtu 1 katika kila 10 wasio na ugonjwa. Kati ya watu 990 wazima, 99 watanaswa kimakosa. Walionaswa wote ni 108, na wenye ugonjwa kweli ni 9 tu: mmoja katika kila 12. Aliyebaki kwenye chekeche, basi, hajahukumiwa. Ameitwa kwa kipimo cha pili. Aliyepita naye asijione salama milele, kwa kuwa mgonjwa mmoja amepenya.

Mwaka 1968, Wilson na Jungner waliliandikia Shirika la Afya Duniani kanuni za uchunguzi huu. Mojawapo ni kwamba pawepo huduma za kuthibitisha ugonjwa na kuutibu. Kumchekecha mtu na kumwacha bila tiba ni kumwongezea hofu.

Kuondoa kilichokufa

Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni husikia kwamba kidonda "kitasafishwa", akatarajia maji na dawa. Anapouona wembe wa upasuaji hushtuka. Mwingine husikia "tutakata", akadhani mguu unaondolewa, akatoroka wodini. Neno la daktari ni "debride": kuondoa nyama iliyokufa ili nyama hai ipate kupona. Sentensi hiyo moja, ikisemwa mapema, yaweza kumbakiza mgonjwa kitandani na kuuokoa mguu.

Kutokomeza

Kiswahili hutumia "kutokomeza" kwa mambo mawili ambayo Kiingereza hutenganisha. Ndui ilifutwa duniani kote, na tangazo likatolewa mwaka 1980. Lakini lengo la kutokomeza saratani ya mlango wa kizazi ni kushuka chini ya wagonjwa wapya 4 kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka. Ugonjwa hautakuwa umefutika, kwa hiyo chanjo na uchunguzi lazima viendelee. Kufikia mwaka 2030, kila nchi inatakiwa iwe imechanja asilimia 90 ya wasichana kabla hawajatimiza miaka 15, kuchunguza asilimia 70 ya wanawake wanapofika miaka 35 na tena 45, na kutibu asilimia 90 ya wanaokutwa na ugonjwa.

Dakika moja ya maelezo

Yule mwenye kikohozi angeweza kuambiwa hivi: "Mama, kikohozi chako kinaweza kuletwa na mambo kadhaa. Kifua kikuu ni mojawapo, na kina dawa. Leo hakuna aliyesema unacho. Tunapima makohozi ili tujue kama tukiondoe kwenye orodha. Majibu yakitoka, njoo tuyasome pamoja."

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza maswali matatu: kipimo hiki kinatafuta nini? Jibu likiwa hasi, kipi kimebaki? Likiwa chanya, hatua inayofuata ni ipi? Asiondoke na karatasi asiyoielewa.