Carolina Cougars: Timu ya jimbo zima iliyokosa kwao

Mashabiki wa mpira wa vikapu wamezoea timu kuwa ya mji fulani: Boston, Chicago, Los Angeles. Lakini mwaka wa 1969, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, kulizuka timu ya kulipwa iliyokataa kuwa ya mji mmoja. Iliitwa Carolina Cougars, na ilinuia kuwa ya jimbo zima. Miaka yake michache ina somo kwa yeyote anayetamani eneo lake liwe na timu moja ya kujivunia.

Timu yenyewe haikuzaliwa huko. Ilitoka Houston, Texas, ilikoitwa Mavericks na ilikokosa watazamaji. Jim Gardner, mbunge wa zamani, ndiye aliyeongoza ununuzi na kuihamishia North Carolina. Ilicheza katika ligi ya ABA, iliyoanza mwaka wa 1967 kushindana na NBA. Hiyo ndiyo ligi iliyokuwa na mpira wa rangi nyekundu, nyeupe na buluu, na iliyoutia umaarufu mtupo wa pointi tatu kabla ya NBA kuuchukua mwaka wa 1979.

Kwa nini jimbo zima? Wakati huo hapakuwa na mji hata mmoja North Carolina ulioonekana kuweza kuibeba timu ya kulipwa peke yake. Wenye timu wakaona miji kadhaa ikiwekwa pamoja, mashabiki watatosha. Mechi za nyumbani zikagawanywa, hasa kati ya Greensboro, Charlotte na Raleigh. Kutoka Raleigh hadi Charlotte ni zaidi ya kilomita 250, kama mara mbili ya safari ya Mombasa hadi Malindi.

Kisha kulikuwa na suala la majina. Watu wa jimbo lile ni wafuasi sugu wa timu za vyuo vikuu, kwa hiyo wakaletwa watu waliokwisha kupendwa: kocha Bones McKinney, aliyewahi kufundisha Wake Forest, Bob Verga wa Duke, na Doug Moe wa Chuo Kikuu cha North Carolina.

Msimu wa kwanza haukuwa mbaya. Cougars walishinda mechi 42 na kupoteza 42, wakaingia mchujo, wakang'olewa na Indiana bila kushinda hata mechi moja. Misimu miwili iliyofuata ilikuwa ya tabu: ushindi 34, kisha 35, kati ya mechi 84.

Mambo yaligeuka mwaka wa 1972. Alikuja kocha kijana, Larry Brown, na nyota Billy Cunningham kutoka Philadelphia, wote wawili waliosoma Chuo Kikuu cha North Carolina. Cougars wakashinda mechi 57, Cunningham akatajwa mchezaji bora wa ligi, na Kentucky ikawatoa katika mechi ya saba ya nusu fainali.

Hata hivyo, mwaka wa 1974 timu iliuzwa, ikahamia St. Louis na kubadilishwa jina. Ushindi haukuiokoa, kwa sababu kasoro ilikuwa kwenye mpango wenyewe. Shabiki hujengwa na mazoea: ukumbi uleule, jirani yuleyule kitini, mechi baada ya mechi. Cougars walipita kila mji kama wageni, na wachezaji walikuwa safarini hata kwa mechi zilizoitwa za nyumbani. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse tatu.

Mwaka wa 1988 jimbo lilipata timu ya NBA, Charlotte Hornets. Ni kweli kwamba mji ulikuwa umekua, na NBA ilikuwa na mvuto mkubwa zaidi. Lakini safari hii timu ilikaa mahali pamoja, katika ukumbi wa watu zaidi ya 23,000, na msimu wake wa kwanza ikaongoza ligi nzima kwa idadi ya watazamaji.

Timu inaweza kubeba jina la eneo zima na kupendwa kote. Lakini lazima iwe na kwao.