Timu Iliyoshindwa Mara 121

Katika vijiji vyetu timu ya mpira ikishindwa mara tatu mfululizo, maneno hujaa kila mahali. Mmoja asema kipa alikuwa amelala. Mwingine asema mwalimu hajui kazi yake. Wa tatu asema heri wachezaji wote warudi kulima. Je, mngesemaje kama timu yenu ingeshindwa si mara tatu, bali mara 21 mfululizo? Na mwisho wa mwaka, mkihesabu, mkaona imeshindwa mara 121?

Hii si hadithi ya sungura na fisi. Jambo hili lilitokea kweli mwaka 2024 katika mji wa Chicago, nchi ya Marekani. Timu yenyewe yaitwa Chicago White Sox, maana yake Soksi Nyeupe, na mchezo wake ni besiboli. Hebu tutazame pamoja jinsi mambo yalivyokwenda, maana ndani yake mna fundisho kwa kila nyumba yenye mtoto aliyepata kushindwa.

MCHEZO WENYEWE

Labda utauliza: besiboli ni mchezo gani? Kila upande una watu tisa uwanjani. Mmoja hurusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu nyingi, na mtu wa upande wa pili husimama mbele yake na gongo la mti, ajaribu kuupiga. Akiupiga vizuri, hukimbia kuvizunguka vituo vitatu. Akirudi salama mahali alipoanzia, upande wake hupata pointi moja. Wenzetu wa Uganda waujua mchezo huu: mwaka 2012 vijana wa Lugazi walikwenda Marekani katika mashindano ya dunia ya watoto, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko.

Timu za ligi kuu ya besiboli ya Marekani ni 30. Kila moja hucheza michezo 162 kwa mwaka, tangu mwisho wa Machi hata mwisho wa Septemba, karibu kila siku. Basi, shika jambo hili: hata timu bora hushindwa karibu mara moja katika kila michezo mitatu, na timu dhaifu kwa kawaida hushinda mara moja katika mitatu. Katika besiboli hakuna ashindaye siku zote. Kila mchezaji hujifunza mapema kulala na uchungu wa leo, na kuamka kesho akacheza tena.

MWAKA WA MSIBA

White Sox hawakuwa wanyonge tangu zamani. Mwaka 2021 walishinda mara 93, wakaongoza kundi lao. Mwaka 2022 walishinda 81, wakashindwa 81. Mwaka 2023 walishindwa mara 101. Mwezi wa Agosti mwaka huo mwenye timu, Bwana Jerry Reinsdorf, aliwaondoa wakubwa wawili walioiendesha kwa miaka mingi, akamweka Bwana Chris Getz.

Bwana Getz aliona kwamba nyumba imeoza, yafaa kujengwa upya. Kabla ya msimu wa 2024 kuanza, mrushaji wao hodari, Dylan Cease, alipelekwa San Diego, na badala yake wakapokea wachezaji wengine. Tena, mwezi wa Aprili, Luis Robert na Yoán Moncada, ambao walitegemewa sana kwa kupiga mpira, waliumia wote wawili. Timu ikabaki kama jembe lisilo na mpini.

Katika michezo 25 ya kwanza walishinda 3 tu. Mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni walishindwa mara 14 mfululizo. Watu wakadhani sasa yametosha. Kumbe, bado! Tangu tarehe 10 Julai hata tarehe 5 Agosti walishindwa mara 21 bila kupumzika. Tarehe 6 Agosti, katika mji wa Oakland, walishinda kwa pointi 5 kwa 1, wakashangilia kama watu waliotoka kifungoni. Siku mbili baadaye mwalimu wao, Pedro Grifol, aliondolewa kazini.

Tangu mwaka 1962 timu iliyokuwa imeshindwa mara nyingi kuliko zote za karne hizi mbili ilikuwa New York Mets, iliyoshindwa mara 120. Tarehe 22 Septemba 2024 White Sox waliifikia hesabu hiyo. Wakarudi nyumbani Chicago, na watu wengi wakaja uwanjani hasa kuiona aibu mpya kwa macho yao. Lakini tazama! Siku tatu mfululizo White Sox waliwashinda wageni wao, Los Angeles Angels. Ndipo tarehe 27 Septemba, katika mji wa Detroit, wakashindwa kwa pointi 4 kwa 1, na hesabu ya 121 ikatimia.

Ilikuwa imebaki michezo miwili tu, isiyoweza kuwapa kitu chochote. Hata hivyo waliicheza, wakashinda yote miwili. Kwa jumla walishinda mara 41.

Yafaa kumtaja kijana mmoja, mrushaji Garrett Crochet. Mwaka ule aliwatoa kwa mirusho wapigaji 209, jambo ambalo wachache waliliweza. Lakini hesabu yake ilionyesha kushinda mara 6 na kushindwa mara 12, kwa sababu wenzake hawakumpatia pointi za kutosha. Timu nzima ilipata pointi 507 kwa mwaka, chini ya timu nyingine zote. Basi, ukitazama hesabu tu, ungesema Crochet alikuwa mchezaji wa hivi hivi. Ukitazama kazi yake, ungevua kofia.

KUSHINDWA NI KWA NAMNA TATU

Hapa ndipo penye fundisho, msomaji. Watu husema "ameshindwa" kana kwamba neno hilo lina maana moja. La, sivyo. Historia ya besiboli yatuonyesha kushindwa kwa namna tatu.

Namna ya kwanza ni ya mtu aliyenyang'anywa silaha. Mwaka 1899 timu ya Cleveland Spiders ilishindwa mara 134, ikashinda 20 tu. Kwa nini? Wenye timu hiyo walikuwa ndugu wawili waliokuwa na timu nyingine katika mji wa St. Louis. Waliwachukua wachezaji hodari wote wa Cleveland, pamoja na mrushaji mashuhuri Cy Young, wakawapeleka huko. Watu wa Cleveland wakaacha kuja uwanjani, na mwaka uliofuata timu ikafutwa. Je, lawama ni ya nani, ya wachezaji au ya mabwana zao?

Namna ya pili ni ya mtu aliyejiuza, na mfano wake watoka katika White Sox hao hao. Mwaka 1919 walikuwa timu yenye nguvu mno, wakaingia katika mashindano ya ubingwa na Cincinnati Reds. Walishindwa. Baadaye wachezaji wanane walishtakiwa kwamba walikula njama na wacheza kamari ili timu ishindwe kusudi. Mwaka 1921 mahakama haikuwatia hatiani, lakini mkubwa wa besiboli, Jaji Landis, aliwafukuza wote wanane maisha yao yote. Ajabu ni hii: timu ya 1919 ilishinda michezo mingi, lakini jina lake likatiwa doa, timu ya 2024 ilishindwa kila mahali, wala hakuna awezaye kuiita ya wezi.

Namna ya tatu ni ya mtu aliyejitahidi, nguvu zake zikakoma. Wachezaji wa 2024 walikuwa hapo. Inawezekana wakubwa wao walikosea, na washabiki walikuwa na haki ya kuwauliza. Kweli, waliwauliza kwa sauti kubwa: uwanjani walipiga kelele wakimtaka mwenye timu aiuze. Lakini vijana waliovaa jezi walitoka kila siku kufanya kazi waliyopewa, hata siku ambazo hapakuwa na tumaini lolote.

WALE WALIOBAKI

Yapo mambo ya kuwafariji washinde. Mwaka 1988 timu ya Baltimore Orioles iliuanza msimu kwa kushindwa mara 21. Waliporudi kwao, wakiwa wameshinda mara 1 na kushindwa 23, walikuta watu zaidi ya 50,000 wakiwangoja uwanjani, si kuwazomea bali kuwashangilia. Mwaka uliofuata Orioles walishinda mara 87. Na wale Mets wa 1962? Mwaka 1969 walikuwa mabingwa.

White Sox nao wana washabiki wavumilivu, na mmoja wao mnamjua wote. Baba Mtakatifu Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, alizaliwa Chicago mwaka 1955, na tangu utoto ni mshabiki wa White Sox. Watu waliporudia kutazama picha za televisheni za mchezo wa kwanza wa ubingwa wa mwaka 2005, walimwona amekaa katikati ya watu wengine, akiwa bado Padre Robert Prevost, mkubwa wa Shirika la Mtakatifu Augustino. Mwaka huo White Sox walipata ubingwa, baada ya kuungoja miaka 88. Mtu apendaye timu ya namna hiyo hujifunza kungoja!

Mwaka 2025 White Sox walishinda mara 60, wakashindwa 102. Bado si sifa kubwa, lakini ni kushinda mara 19 zaidi ya mwaka uliotangulia. Ndivyo nyumba inavyojengwa, tofali juu ya tofali.

Basi, baba na mama, mtoto wenu akileta nyumbani karatasi ya mtihani yenye alama mbaya, au shamba la kijana wenu likikosa mavuno, msikimbilie fimbo wala masimango. Kwanza ulizeni: ameshindwa kwa namna ipi? Je, alinyimwa daftari, mwanga na wakati wa kusoma, kama Cleveland walivyonyang'anywa wachezaji? Ikiwa ndivyo, mjiulize ninyi wenyewe. Je, aliuacha wajibu wake kwa ajili ya starehe au fedha? Hapo aonywe vikali, maana hiyo ndiyo aibu ya kweli. Au alijitahidi, akakosa? Huyo mkalisheni karibu nanyi, mpeni chakula, na kesho asubuhi mwamsheni mapema aanze tena.

Wahenga walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Tena walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nanyi vijana mnaocheza mpira katika viwanja vyetu vya vumbi, mkifungwa Jumapili hii, wapeni mkono waliowashinda, mfue jezi zenu, na Jumatatu jioni mwende mazoezini.