Konjelateri imechoka: tuitengeneze tena ao tununue ingine?



Mwezi wa kumi tunaujua hapa Lubumbashi. Mvua haijafika, mabati yanawaka, na kila mtoto anayepita mlangoni anaomba maji ya baridi. Ndio mwezi ambao konjelateri inalisha nyumba: maji ya sashe, barafu, samaki tomsoni. Na ndio mwezi zinapotuacha.

Yangu iliniacha mwaka jana. Fundi akaja, akasema: "Mama, gazi imeisha." Nikalipa dola 25. Kisha miezi miwili, neno lile lile, dola 25 ingine. Mara ya tatu vilevile. Halafu usiku mmoja samaki wa dola 40 wakaharibika. Nilipoketi na daftari nikaona nimetoa dola 115, na maji hayagandi. Pesa hiyo tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya shule ya binti yetu wa sekondari. Baba wa watoto hakunigombeza, aliuliza tu: "Tutaitengeneza mpaka lini?" Sikuwa na jibu. Niliyojifunza tangu siku ile ndiyo ninawaletea leo.

Gazi haiishi, inavuja

Gazi ya konjelateri si kama mafuta ya gari. Haiungui, haitumiki. Imefungwa ndani ya tuyo, na kompresa inaizungusha: inachukua joto lililo ndani na kulitupa nje. Ndiyo sababu tuyo za nyuma zinakuwa za moto. Kama tuyo ni nzima, gazi ile ile inaweza kukaa miaka yote ya chombo. Basi fundi akisema imeisha, umuulize: "Imetokea wapi?" Anayeongeza gazi bila kutafuta tundu ni kama mtu anayejaza maji katika ndoo iliyotoboka. Mimi nilijaza ndoo hiyo mara tatu.

Na mara nyingi tundu tunalitoboa sisi wenyewe, tunapokwangua barafu kwa kisu. Ukitaka kuiondoa, zima, fungua mlango, weka sufuria ya maji ya moto ndani, ungoje.

Mbele ya kusema imekufa

Kuna mambo manne ya kuangalia kabla ya kumwita fundi.

1. Mpira wa mlango. Weka karatasi, funga mlango, vuta. Karatasi ikitoka bila kushikwa, baridi pia inatoka. Osha mpira kwa maji ya sabuni. Ukiwa umepasuka, ubadilishe. Mpira si bei ya konjelateri.

2. Vumbi na nafasi. Tuyo za nyuma zikijaa vumbi, ao chombo kikibanwa na ukuta, joto halipati njia. Chomoa kwanza, pangusa, kisha uiache mbali na ukuta kadiri ya kiganja cha mkono.

3. Umeme. Chombo cha volti 220 kinachopata 150 kinaumia: kompresa inanguruma bila kuzunguka, inapata moto, mwishowe inaungua. Stabilizateri nzuri inailinda. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika kama kumi kabla ya kuchomeka.

4. Kufungua-fungua. Umeme ukikosekana, konjelateri iliyojaa na isiyofunguliwa inaweza kulinda baridi karibu siku mbili. Iliyojaa nusu, siku moja.

Hesabu ya kuamua

Kama hayo yote ni sawa na bado haigandishi, chukua kalamu. Jiulize maneno matatu.

Iko na miaka ngapi? Ikipita miaka kumi, kila sehemu imechoka pamoja na ile iliyovunjika.

Matengenezo ni bei gani? Yakipita nusu ya bei ya mpya, na chombo ni cha zamani, usitengeneze. Kwangu, fundi wa pili aliomba dola 150 kwa kompresa, gazi na kazi. Mpya ilikuwa dola 280. Nusu yake ni 140. Jibu likaonekana.

Inakula umeme kiasi gani? Sikiliza kompresa. Ikiwa nzima, inafanya kazi, inapumzika. Kompresa ya wati 150 inayofanya kazi saa 8 kwa siku inakula kilowati-saa 1,2. Isiyopumzika hata kidogo inakula 3,6, yaani mara tatu. Wenye kontere ya kulipia mbele wanaona pesa hiyo ikienda.

Wenye klimatizeri nyumbani, hesabu ni ile ile, kwa kuwa chombo kinafanya kazi kwa namna ile ile. Ila mwanzo osha filtre; mara nyingi ndiyo ugonjwa wote.

Ukinunua ya okazyo

Usilipe kwa kuona taa inawaka. Omba ichomekwe, ungoje saa mbili, uone kama maji yameanza kuwa ya baridi sana. Angalia kibao cha nyuma. Kikiandikwa R12, iache: gazi hiyo inaharibu ozoni, na inchi zilikubaliana kuacha kuitengeneza; kwetu sisi inchi zinazoendelea mwisho ulikuwa mwaka wa 2010. Chombo hicho ni cha zamani sana. Kikiandikwa R600a, ni gazi inayoshika moto: fundi asiunge tuyo kwa moto wakati gazi ingali ndani, tena asifanyie kazi karibu na makala.

Ile ya zamani

Hapa ninaomba kila mama asikilize. Konjelateri iliyokufa isiachwe uani na mlango wake. Mtoto anayecheza kujificha anaingia, kifuniko kinafunga, hewa inaisha, na sauti yake haisikiki nje. Ondoa mlango siku ile ile. Ukitaka kuiuza kwa mafundi wa vipuri, mpe na mlango mkononi.

Sisi tulinunua mpya, kwa zamu yangu ya likelemba, na shule tukailipa kidogo kidogo. Ningeamua mara ya kwanza, dola 115 zingebaki. Siku hizi kila posho ninaweka kando kidogo ya mauzo ya maji, katika kopo ambalo watoto wanalijua na hawaligusi. Makundi yanayouza pamoja yanaweza kufanya vilevile: konjelateri inazeeka kila siku inapotulisha, basi na yenyewe tuilishe kopo lake.