Nyota nyekundu Betelgeuse

Katika miezi ya Januari na Februari, jua likiisha kuzama na mbingu zikiwa hazina mawingu, tazama juu. Utaona nyota tatu zilizo karibu-karibu katika mstari mmoja. Upande wa kaskazini wa hizo tatu iko nyota kubwa, nyekundu kama kaa la moto. Jina lake ni Betelgeuse. Upande wa kusini iko nyingine, nyeupe, iitwayo Rigel.

Hakuna mtu aliyefika kwenye nyota hizo. Nuru huenda upesi kuliko vitu vyote. Kutoka jua mpaka kwetu hutumia dakika 8 tu; lakini kutoka Betelgeuse hutumia miaka 500 au zaidi. Basi, wataalamu wa nyota wanaijuaje? Wanachunguza nuru yake.

Kwanza, rangi. Mwangalie mhunzi. Chuma kikipata moto huwa chekundu. Moto ukizidi huwa cha manjano, halafu cheupe. Na nyota ni vivyo hivyo: nyekundu haina joto kama nyeupe. Joto la uso wa jua ni karibu digrii 5500. La Betelgeuse ni karibu 3300.

Pili, ukubwa. Nyota yenye joto kidogo, tena iliyo mbali hivyo, yawezaje kung'aa sana? Ni kwa sababu ni kubwa mno. Mwaka 1920, juu ya mlima Wilson huko Marekani, Bwana Michelson na Bwana Pease walifunga boriti ya chuma, urefu wake metre 6, juu ya darubini kubwa. Vioo vya boriti vilipokea nuru ya nyota mahali pawili na kuiunganisha. Kwa namna nuru hizo mbili zilivyochanganyika, walipima upana wa nyota. Kama Betelgeuse ingewekwa mahali pa jua, ingeimeza dunia yetu, hata na sayari ya Mirihi iliyo mbali kuliko sisi.

Tatu, mwangaza. Mwishoni mwa mwaka 2019 nyota ilianza kufifia. Mwezi wa Februari 2020 nuru iliyobaki ilikuwa kama theluthi moja tu. Watu wakauliza: «Je, inakufa? Itapasuka sasa?» Wataalamu walizidi kupima. Picha za darubini kubwa ya Chile zilionyesha kwamba upande wa kusini ndio uliofifia zaidi. Nyota ilikuwa imetupa nje gesi nyingi. Gesi ikapoa, ikawa vumbi, na vumbi likaziba nuru. Mwezi wa Aprili nuru ilikuwa imerudi.

Lakini siku moja Betelgeuse itakufa kweli. Nyota kubwa humaliza akiba yake upesi. Jua lina umri wa miaka milioni 4600. Betelgeuse ina karibu milioni 10 tu, nayo imekwisha kuzeeka. Akiba ikiisha, sehemu ya katikati itaanguka ndani, na nyota itapasuka. Labda itakuwa kabla ya miaka 100.000 kupita. Nuru yake itaonekana hata mchana, lakini haitatudhuru, kwa maana iko mbali sana.

Ukiitazama usiku, kumbuka: nuru uionayo ilitoka huko kabla babu ya babu yako hajazaliwa.

Maulizo

1. Rangi ya nyota inatufundisha nini?
2. Bwana Michelson na Bwana Pease walipima nini? Kwa chombo gani?
3. Kwa nini Betelgeuse ilififia?